Zoezi la Alhamisi

Kitovu kilipopasuka mimi nilikuwa nakula muhogo wa nazi ofisini, kinyume cha kanuni, na Salwa Mshangama alikuwa ananisema kwa sababu ya harufu. Chumba cha tahadhari hakina dirisha la kufunguka. Aliniambia nikimaliza nikaoshe bakuli mwenyewe, nisimwachie mtu. Hajamaliza kunisema, masikio ya baharini yakalia yote kwa pamoja, na bakuli likabaki pale pale mezani.

Masikio ndilo jina tulilovipa vyombo vilivyolazwa chini ya bahari kuuzunguka Kitovu, mlima uliozama upande wetu wa mashariki. Kazi yao ni kuusikiliza mlima. Siku nyingi mlima hunguruma kidogo ukanyamaza, nasi tunaandika kwamba umenguruma. Siku ile ubavu wake mmoja uliporomoka, na kwenye ramani ya ukutani likatokea duara jekundu, likaanza kutanuka kuja kwetu.

"Dada Salwa," nikasema, "masikio yameharibika, au?"

"Yote kwa mpigo?" Alikuwa keshasimama. "Hayakuharibika, Haroub. Tuna muda gani?"

"Nusu saa. Haifiki."

Kisiwa chetu cha Njiwani ni bapa kama sinia, isipokuwa Mlima Kongwe, na ofisi yetu imejengwa begani mwa mlima huo, ubavuni mwa uwanja wa skuli ya sekondari. Ukitoka Mchangani, mtaa wa mwisho kabisa kule pwani, ukatembea bila kusimama, nusu saa haiishi uko uwanjani. Yaani muda ulikuwepo. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya kukimbia mawimbi mpaka mbuzi wanaijua njia. Wageni walikuja kutoka nchi kubwa kubwa kujifunza kwetu, wakatupiga picha, wakatupa ngao ya shaba. Mkurugenzi wetu siku hiyo hiyo alikuwa ng'ambo kwenye mkutano wa kujiandaa na maafa, na simu yake ameizima kwa kuwaheshimu wazungumzaji.

Kwa hiyo tangazo lilikuwa la Salwa. Sheria ya Njiwani inasema mashine haitangazi. Anayetangaza ni mtu, mkuu wa zamu, kwa kidole chake.

"Wasomee vivuli," akaniambia.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kila mtu wa Njiwani anavishwa bangili akiwa mchanga, na kwa miaka yote bangili inajifunza mwendo wake, mapigo yake ya moyo, nyumba anazoingia na zile anazozipitia kwa mbali. Ndani ya mtambo wetu mtu huyo ana kivuli. Kivuli chako kinachelewa kama unavyochelewa wewe. Kinarudi ndani kuzima jiko kama utakavyorudi wewe, hata uape vipi kwamba hutarudi. Kabla ya tangazo lolote tunavisomea vivuli maneno, tunavitazama vinavyofanya, na kwa muda wa kumeza mate tunajua nani atafika uwanjani na nani hatafika. Kwa njia hiyo tuligundua kwamba ukiwaambia wanaume wetu "ondokeni" watabishana, lakini ukisema "pandeni" watatembea.

Nikavisomea ukweli. *Wimbi kubwa linakuja. Hili si zoezi. Pandeni Mlima Kongwe sasa hivi.*

Nukta zikatikisika juu ya meza ya kioo, kila nukta mtu. Chache zikaanza kupanda. Nyingine zote zikageuka, zikaanza kuingia nyumba za watu. Barabara ya mlimani ilikuwa nyeupe, tupu, na vichochoro vya Mchangani vilijaa. Kisha duara jekundu likapita juu yao.

Salwa akakaa kitini taratibu.

"Radhi," akasema. "Wanakwenda kutakana radhi."

Ukiwa si wa kwetu, nikueleze. Mtu wa Njiwani hasafiri, haingii chumba cha upasuaji, na wala hafi kwa hiari yake kabla hajawapitia jamaa na majirani akawaambia: niwie radhi. Ukishaomba, unakaa. Huinuki mpaka ujibiwe. Mwenye kinyongo anaweza kukuweka kizingitini mwake hata chai ipoe, na hakuna atakayemlaumu. Mwaka ule mtambo ulipokosea, tukatangaza wimbi ambalo halikuja, kisiwa kizima kilifanya hivyo. Ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya kinu cha urithi walikumbatiana katikati ya soko. Mtu alikiri hadharani kuiba kuku wa imamu. Tukacheka wiki nzima, na hata leo watu wakiikumbuka siku ile macho yanawang'aa. Vivuli navyo viliikumbuka.

"Wasomee zoezi," akasema Salwa.

*Hili ni zoezi. Pandeni Mlima Kongwe.* Hakuna anayeomba radhi kwa sababu ya zoezi. Khatibu alishalisema hilo mimbarini, kwamba radhi si mchezo. Nukta zikajipanga kwa uvivu wake wa siku zote, zikapanda, watoto wa skuli mbele, wauza vitumbua nyuma. Wakafika. Barabara ikajaa, uwanja ukajaa, na duara jekundu likapita juu ya mtaa mtupu.

Si mtupu kabisa. Huku na huku kulibaki nukta ambazo hazikusogea hata kidogo.

Hizo tulizijua. Katika zoezi moja la zamani Mzee Vuai, kipofu na mgonjwa wa mapafu, alidondoka kwenye machela pale ngazi za mawe, akafa. Watu walilia, wakasema serikali inaua wazee kwa michezo yake. Baraza likapitisha kwamba siku za mazoezi wasiojiweza waachwe nyumbani wapumzike. Ilikuwa huruma tupu. Hata mimi nilipiga makofi.

"Nionyeshe Mchangani," akasema.

Nikaikuza Mchangani. Hakuwa na haja ya kusoma majina yote, na hakuyasoma. Alitafuta moja. Mize binti Shaame, mama yake, aliyepigwa na kiharusi akabaki na ulimi na mkono mmoja, na kwa ulimi huo alikuwa anautawala mtaa mzima. Ukuta wa pili ilikuwa nukta ya Nunuu, binti wa Bi Kazija, msichana mzima ambaye miguu yake haikuwahi kumbeba tangu azaliwe.

"Rudisha ile ya ukweli," Salwa akasema. "Hapo hapo."

Nikarudisha. Katika ukweli nyumba ya Bi Mize ilikuwa imejaa nukta mpaka nje, zimesongamana, zikimwomba radhi mwanamke yule aliyemtukana kila mmoja wao walau mara moja. Na zote zilizimika pamoja naye.

"Kwa hiyo mama anakufa huku na huku," akasema. "Tofauti ni kama atakuwa na watu."

Mimi nilikuwa natazama nukta nyingine. Wanangu wawili wanasoma skuli ya msingi ya Mchangani. Katika ukweli walikimbilia kwa bibi yao kumwomba radhi, watoto wema, wamelelewa vizuri, na hawakutoka tena. Katika zoezi walikuwa uwanjani, wanasukumana. Nami nilikuwa nasema moyoni: zoezi, Salwa, sema zoezi, kwa nini unachelewa. Siwezi kuliremba jambo hilo.

"Sema ni zoezi, lakini leo wagonjwa wabebwe," akaniamuru.

Nikasoma. Vivuli vikasimama. Watu wa Njiwani si wajinga. Zoezi lisilowaacha wagonjwa si zoezi. Wakaulizana, wakang'amua, wakaanza kuingia nyumba za watu kwa hofu kuliko hata mara ya kwanza.

"Bi Kazija peke yake. Nimpigie simu, nimwambie amtoe Nunuu kwa mkokoteni, asimwambie mtu."

Nikasoma. Kivuli cha Bi Kazija kilipokea simu, kikasimama uani, kikamtazama Nunuu. Kisha kikaenda ukuta wa pili kumwomba Bi Mize radhi. Bi Mize naye, mwenye simu yake na ulimi wake, hakuweza kuiacha Mchangani ife bila kutakana radhi. Mtaa wote ukageuka.

"Wana haki ya kujua, Haroub," akasema Salwa. Sauti yake ilikuwa imeingia mchanga. "Mtu ana haki ya kujua kama anakufa."

"Na wengine wana haki ya kutokufa."

"Unasema hivyo kwa kuwa wanao wako skuli."

"Ndiyo," nikasema. "Kwa kuwa wangu wako skuli. Unataka nikudanganye?"

Alinitazama muda ambao hatukuwa nao. Kisha akavuta kipaza sauti, akajikohoza, na kwa sauti ile ile ya kuchoka waliyoizoea watu kwenye kila bangili na kila spika ya mtaani, akasema: "Ndugu wananchi, hili ni zoezi. Hili ni zoezi la kawaida. Tafadhali pandeni Mlima Kongwe."

Akabonyeza. Akaniambia kwamba alikusudia kusema "zoezi" mara moja tu, la pili lilimtoka.

Hazikupita dakika nyingi simu yake ikalia. Akaiangalia kama mtu aliyeona nyoka chooni, akaiweka mezani, akaifungulia sauti. Nadhani hakujiamini kubaki nayo peke yake.

"Salwa wee!" Ndiye Bi Mize. "Leo Alhamisi nyinyi watu hamna haya? Huyu msichana wangu wa kazi ameacha maharage motoni, ameshakwenda mbio na wenzake kuchezacheza huko mlimani kwenu. Nani atayageuza?"

"Yaache yaungue, mama."

"Yaungue! Maharage yanauzwa kama dhahabu. Wewe ulizaliwa na nani?"

"Na wewe, mama."

"Basi usiniambie yaungue." Tukamsikia anahema. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa watu wakipita kichochoroni, watoto wakiimba ule wimbo wao wa zoezi. "Sauti yako imekuwaje? Unaumwa?"

Salwa alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nilijua neno analolitaka. Lilikuwa pale mdomoni, maneno mawili tu, na mwanamke yule angeyasikia angejua kila kitu kabla hayajaisha, na angepaza sauti, na kichochoro chote kingesimama. Barabara ilikuwa bado imejaa. Wanangu walikuwa hawajafika hata kwenye ngazi za mawe.

"Siumwi, mama. Ni vumbi la ofisini."

"Utakuja kula?"

"Nitakuja."

"Usinidanganye. Juzi ulisema hivyo hivyo, nikakuwekea mkate wa kumimina ukalala. Salwa, nakwambia..." Kisha sauti ikageuka, akawa anamwita mtu nje. "Kazija! Kazija wee! Huyu Nunuu umemfungia mlango? Nzi hao! Ngoja, mwanangu, ngoja, huyu Kazija hanisikii, nitakupigia."

Simu ikakatika. Salwa alibaki anaitazama. Hakupigiwa tena.

*

Tulitoka nje uwanjani kwa sababu chumbani hakukuwa na kitu cha kufanya. Jua lilikuwa kali na zuri. Watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi kwa mafungu, wakilalamika, wakinunua ubuyu. Walimu walikuwa wanaita majina. Nikawaona wanangu, nikawashika shingoni wote wawili, wakanisukuma kwa aibu mbele ya wenzao. Bi Kazija alikuwa karibu na lango na kanga yake ya kijani, anajipepea.

"Salwa mwanangu," akaita, "haya, tumefika, tupe ruhusa turudi. Nunuu nimemwacha peke yake, na akijikojolea huona vibaya."

"Bado kidogo, Bi Kazija," akasema Salwa.

Nilistaajabu jinsi alivyoweza kusema. Mimi nisingeweza.

Bahari ilianza kurudi nyuma. Mwanzo watu walidhani ni maji kupwa tu, kisha mwamba ambao hakuna aliyewahi kuuona ukatokea, na mazungumzo uwanjani yakapungua fungu kwa fungu mpaka kukawa kimya. Wimbi halikuja kama ukuta, kama watoto wanavyolichora. Lilikuja kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni, likaingia Mchangani, likaendelea kuingia, na mapaa yakaanza kutembea.

Nilisikia ukelele mmoja, kisha uwanja wote. Bi Kazija hakupiga kelele. Alianza kukimbia kushuka, na wanaume watatu wakamshika, akawauma, nao wakazidi kumshika.

Kulia kule siwezi kukueleza, na sidhani nikijaribu nitakuwa nimekufanyia wema. Nitasema kwamba baada ya muda watu walianza kugeuka, mmoja mmoja, kutazama mlango wa ofisi yetu ambako Salwa alikuwa amesimama. Si kwa hasira. Walikuwa wanafanya hesabu.

"Ulijua?" akauliza mwalimu mkuu wa skuli ya msingi, mtu mpole kabisa.

"Nilijua," akasema Salwa.

Wakati huo ndipo bangili yangu ilipotetemeka, ya kazini, ile isiyolia kwa sauti. Nikaingia ndani. Masikio yalikuwa yanalia tena. Ubavu ulioporomoka ulikuwa mdogo, na ndio uliokuwa umeushikilia ule mkubwa. Sasa ule mkubwa ulikuwa umeondoka wote, na duara lililotokea ukutani lilikuwa nene. Nikapima kimo. Uwanja wetu wa skuli, tulikopigiwa picha na kupewa ngao, ulikuwa chini yake. Ilibaki njia ya juu, ya wakata kuni, mpaka kichwani mwa mlima. Mtu mwenye afya angeipanda akianza sasa.

Salwa alikuja akasimama nyuma yangu, akaona.

"Niwasomee lipi?" nikamwuliza. "Salwa, neno lipi? Zoezi halipo tena."

"Usiwasomee," akasema. "Sitaki kuwaona mara mbili."

Akachukua kipaza sauti cha mkononi, akatoka, akapanda juu ya benchi la walimu.

"Ndugu zangu," akasema, na haikuwa ile sauti ya spika, ilikuwa sauti ya binti Mize wa Mchangani. "Linakuja la pili, kubwa kuliko lile. Hapa tulipo litafika. Pandeni njia ya kuni mpaka juu kabisa. Hili si zoezi. Nawaomba, msisimame, msiombane chochote, pandeni tu. Mtaombana juu."

Walimwamini. Hilo ndilo lililoniua. Kwa waliyoyaona kwa macho yao, baada ya uongo ule, walimwamini neno kwa neno. Wachache, wengi wao wenye watoto mikononi, walianza kupanda. Wengine wote waligeukiana. Jirani akamshika jirani mikono. Wale ndugu wa kinu walikaa chini kwenye nyasi, wameelekeana, kama vile hawakumaliza mara ya kwanza. *Niwie radhi. Niwie radhi.* Uwanja ulikuwa unavuma kwa neno hilo. Nikawasukuma wanangu kuelekea njia ya kuni, nikawaambia wakimbie, na mdogo akageuka kuniuliza kama amenikosea lolote. Nikamzaba kofi ili akimbie. Akakimbia.

Nilirudi kumchukua Salwa. Alikuwa ameshuka benchini na watu walikuwa wanampita huku na huku, wakitafutana, na hakuna aliyesimama mbele yake. Katika uwanja mzima ndiye mtu pekee ambaye hakuombwa.

Kisha Bi Kazija akaja. Wale wanaume walikuwa wamemwachia, wana jamaa zao wa kuwaomba. Kanga yake ya kijani ilikuwa imemtoka begani. Akamshika Salwa mkono kwa mikono yake yote miwili, kama ada inavyotaka.

"Salwa binti Mize," akasema, "kama kuna siku nilikukosea, niwie radhi."

"Nimekuwia radhi, Bi Kazija," akasema Salwa, akilia kwa mara ya kwanza siku ile. "Nami niwie radhi. Niwie radhi, mama yangu."

Bi Kazija aliuachia mkono ule. Hakuutupa, aliuweka chini polepole kama mtu anayerudisha chombo cha watu. Akakaa kwenye nyasi, akanyoosha miguu, akageuza uso kuelekea kule ilikokuwa Mchangani.

"Bado," akasema.

Salwa akakaa kando yake.

"Dada Salwa, inuka!" Nilimvuta kwa bega. "Utaomba juu, utajibiwa juu, inuka twende!"

Aliniondoa mkono. Hakuonekana mwendawazimu, wala hakuonekana jasiri. Alionekana mtu aliyekaa kwenye kizingiti cha mtu, anangoja.

"Tangulia, Haroub," akasema. "Mimi sijajibiwa."

Nikapanda. Njia ya kuni ina kona moja ambayo kutoka hapo unauona uwanja wote kabla miti haijaufunika, nami pale niligeuka. Watu walikuwa bado wawili wawili kwenye nyasi. Karibu na lango Bi Kazija alikuwa anaitazama bahari, na Salwa alikuwa anamtazama Bi Kazija.